Tuanzie Sehemu ya Ngapi

1.

TANGAZO KWA UMMA

Ofisi ya Serikali ya Mtaa wa Mashineni inawatangazia wananchi kwamba majengo yote yaliyomo ndani ya hifadhi ya barabara yataondolewa ili kupisha upanuzi. Majengo hayo ni pamoja na duka la mbao, saluni mbili, na kibanda cha kuonyeshea video cha Ndugu Severini Mhagama. Wahusika waondoe mali zao wenyewe. Hakuna malalamiko yatakayopokelewa baada ya

(Kipande cha chini hakipo. Kililiwa na mbuzi.)

2.

Mzee Mhagama hakungoja tingatinga. Aling'oa mabati yake mwenyewe, akapakia runinga na deki kwenye mkokoteni, akausukuma hadi kwa Leokadia Ngonyani, mpishi wa uji wa shule ya msingi, mjane mwenye watoto wawili.

"Hodi, Mama Edi."

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea vitu vyenu. Mimi macho yamekwisha, runinga ya nini?"

Juu ya runinga palikuwa na boksi la biskuti. Leokadia alijua kilichomo kabla halijafunguliwa. Diski sita, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene, herufi zimelalia kushoto. Mwandiko wa Otmari, marehemu mumewe.

MALANGO YA SHABA, sehemu ya nne. Ya tano. Ya sita. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Humu ndimo alimo," Mzee Mhagama alisema, na papo hapo akaonekana kujuta. Alikataa chai.

3.

Wewe ambaye hukuwahi kukaa kwenye mabenchi ya Mhagama, sogea hapa.

Filamu zilikuja na lugha za huko zilikotoka. Otmari Haule, mume wa Leokadia, aliziangalia peke yake, akasoma maandishi ya chini kwa Kiingereza chake cha sekondari, kisha akajifungia kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro na kuziingiza sauti kwa Kiswahili. Sauti moja, watu wote. Mzee alikuwa yeye. Binti alikuwa yeye. Farasi akikataa kuvuka mto, Otmari aliusema moyo wa farasi.

Watu wakampa jina: Dj Tarumbeta. Wapo waliokaa nje ya ukuta, picha hawaioni, wanasikiliza tu.

*Hapo sasa Jemadari Rengo anawaambia, fungueni lango! Nao wanamtazama kama sisi tunavyomtazama mgambo. Anasema, jamani, nimesema fungueni! Mnangoja nipige magoti?*

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa.

4.

*Kolumbani O. Haule, darasa la pili. Insha: Baba Yangu.*

*Baba yangu alikuwa anaitwa Otmari. Alikuwa mrefu. Alikuwa anaongea kwenye sinema. Alikufa nikiwa mdogo. Sauti yake ilikuwa kubwa kama*

*(Kwa wino mwekundu:) Kama nini? Maliza sentensi.*

5.

Kolu hakumaliza kwa sababu hakujua. Alikuwa hajafikisha miaka minne baba yake alipozikwa. Aliileta insha nyumbani, akaiweka mezani mbele ya mama yake na kusema, "Mwalimu anauliza kama nini."

Leokadia alitazama boksi la biskuti juu ya kabati. Akasema wataangalia Jumapili, wakitoka misa. Kisha akakosa raha wiki nzima, kwa sababu kulikuwa na swali ambalo Kolu hakulijua.

Waanzie wapi?

6.

*Malango ya Shaba* ni hadithi ya Rengo, mtoto wa mlinzi wa lango. Akakua, akawa jemadari, akauchoma mji wake mwenyewe, akapotea. Binti yake akamtafuta hadi akampata. Waliotengeneza walianza katikati, binti anatafuta. Ndiyo ya nne, ya tano na ya sita. Miaka ilipita ndipo wakarudi nyuma kuonyesha utoto wa Rengo, ukubwa wake, na ule moto.

Otmari alizitafsiri kadiri zilivyofika. Kwenye ya nne, ya tano na ya sita alikuwa mzima. Ya kwanza ilipokuja, koo lilikuwa limeanza kumkwaruza, akasema ni vumbi. Ya pili ilimkuta na uvimbe. Ya tatu hakuimaliza.

Kwa hiyo:

Ukifuata waliotengeneza — nne, tano, sita, moja, mbili, tatu — unamsikia mtu anakufa.

Ukifuata hadithi — moja, mbili, tatu, nne, tano, sita —

"Tuanze na ya kwanza," alisema Editruda, mkubwa, ambaye mwaka huo alikuwa anamaliza darasa la tano. Walikuwa wanachambua maharage, wawili tu. "Tukianza na ya kwanza, baba anaanza akiwa mgonjwa. Halafu anapona."

Leokadia akaacha kuchambua.

"Edi. Hakupona."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa unataka mdogo wako aamini nini?"

"Sitaki aamini kitu. Nataka imalizikie pale." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kwani wewe hutaki imalizikie pale?"

Leokadia akainamia ungo. Alitaka. Alitaka kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtisha.

7.

Yaliyosikika bombani, foleni ya maji:

— Eti amepewa zile sinema za marehemu.

— Mimi ningezichoma. Sauti ya maiti ndani ya nyumba yenye watoto!

— Wewe nawe. Ulikuwa unakaa benchi la mbele.

— Ile ya tatu siku walipoionyesha, si vijana walipiga miluzi? Wanadai Tarumbeta wao. Naye amekaa mle mle mwisho kabisa, kajifunga shuka.

— Na yule binti yake alikuwepo.

— Alikuwepo?

— Mbele kabisa. Hakugeuka nyuma hata mara mo

— Shh. Mama Edi anakuja.

8.

Siku ya Jumapili Leokadia aliamua, na alichoamua kilikuwa uongo.

Alizitoa diski tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, akazifunga kwenye kitenge na kuzitia chini ya pipa la unga. Akamwambia Kolu kwamba sinema hii ina sehemu tatu tu. Edi alimtazama mama yake. Akavuta kigoda.

Deki ikaunguruma. Picha ikatikisika. Milima, theluji, mwanamke amepanda farasi. Halafu

*Haya wana Mashineni na vitongoji vyake! Aliyeacha sufuria jikoni akaipue sasa hivi, kwa sababu huku tunakokwenda hakuna kurudi!*

Nyumba ilijaa. Sauti ile iligonga mabati na kushuka sakafuni, ikaingia kwa Leokadia kupitia miguuni. Aliingia chumbani akajifanya anatafuta shuka. Aliuma mto.

Aliporudi, Kolu alikuwa amesimama, mikono imening'inia, mdomo wazi.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiyo huyu," alisema Edi.

"Wote hawa ni yeye?"

"Wote."

Kolu akacheka. Alicheka peke yake, bila kugeuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina katikati ya umati.

Wakaangalia ya nne. Jumapili iliyofuata ya tano, na iliyofuata ya sita. Katikati ya wiki Kolu alikuwa Tarumbeta shuleni. Alitafsiri mbwa, alitafsiri kengele, alimtafsiri mwalimu akapigwa fimbo. Insha ikakamilika: *Sauti yake ilikuwa kubwa kama nyumba.*

Leokadia alipikia watu mia kadhaa uji huku akiimba. Alidhani amevuka.

9.

"Mama, huyu Rengo kwani alichoma mji lini?"

"Zamani."

"Mbona hawajaonyesha? Binti yake analia anasema, *baba, kwa nini ulichoma*. Sasa sisi hatujaona."

"Wamesahau."

"Hawajasahau," alisema Edi. Akainuka, akalisogeza pipa la unga kwa bega, akarudi na kitenge. Akakiweka mapajani mwa mdogo wake. "Zipo tatu. Mama alizificha."

"Kwa nini unamficha kila kitu?" Edi alimwuliza mama yake. Hakupaza sauti. "Mimi mbona hukunificha?"

Wakati ule nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Chumba kimoja alilala Kolu na shangazi yake aliyekuja kuuguza. Cha pili alilala mgonjwa, mkewe, na Edi kwenye mkeka chini, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumweka. Mtoto wa miaka saba alimshikia baba yake beseni.

10.

*Kutoka kwenye cheti cha hospitali, mstari wa mwisho:*

*Mgonjwa ameshauriwa kutozungumza.*

*Kutoka kwa mgonjwa, akiwa bado mlangoni mwa hospitali:*

"Wamebakiza mji kuchomwa, Leokadia. Nikinyamaza mimi, nani atawaambia watu?"

Alimwambia anyamaze. Alimsihi, alilia, alimwitia padri. Otmari alikuwa mpole kwa kila jambo maishani isipokuwa hilo.

11.

Ya kwanza. Kolu alikunja uso tangu mwanzo. Sauti ilikuwa ileile lakini imepungua, kama maji ya bomba mchana. Alivumilia kwa sababu Rengo alikuwa mtoto wa umri wake.

Ya pili. Katikati akainuka.

"Huyu si baba."

"Kaa chini," alisema Edi.

"Wamebadilisha dj. Huyu ni mzee. Baba alikuwa na sauti kubwa."

"Kolu, ndiye huyohuyo," alisema Leokadia. "Alikuwa ameanza kuumwa."

"Hapana!" Akaiendea runinga na kuipiga kofi ubavuni. "Toka! Hatukutaki wewe! Mrudishe baba!"

Edi alimrukia. Leokadia hakuwahi kuwaona wanawe wakipigana namna ile, bila matusi, bila kulia, wakitafutana nyuso. Alipowaachanisha, Edi aliinyooshea runinga kidole.

"Huyo ndiye baba!" alipiga kelele. "Huyo! Ndiye niliyekaa naye mimi! Huyo wako simjui! Sikumbuki hata siku moja akiongea hivyo! Huyo wako ni wa watu wa kibandani!"

Kolu akatoka nje.

Leokadia akabaki ameshika kipande cha nguo kilichochanika, hajui ni ya yupi. Ndipo alipoelewa kwamba hakuna mpangilio ambao ungewafaa wote wawili. Alikuwa na watoto wawili, na kila mmoja alikuwa na marehemu wake.

12.

Jumapili ya sehemu ya tatu.

Edi alisema ataiangalia hata kama ni peke yake. Leokadia akasema hatamwacha aiangalie peke yake. Kolu akasema yeye hataki kumsikia yule mzee, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku.

Mama na binti wakakaa kigoda kwa kigoda.

*Hapo        Rengo        amefika*

*kwao*

*anamwona mama yake        kwa dirisha        anasema*

*anasema        mama*

Edi alikuwa anasogeza midomo pamoja na sauti. Alikuwa anaijua yote. Tangu siku ya miluzi, miaka yote hii, alikuwa anaijua.

*askari wanamwuliza        mkuu        tuanzie nyumba ipi*

*naye anasema*

*anasema*

Na hapo ndipo Otmari alipokohoa. Kinasa sauti hakikuzimwa. Kikohozi kirefu, kikavu, kinachopanda ngazi, halafu mwishoni filimbi nyembamba ya pumzi inayotafuta njia. Kikarudia. Kikarudia tena. Baada ya hapo hapakuwa na Kiswahili. Wageni kwenye kioo wakaendelea kuongea wenyewe kwa wenyewe.

Leokadia aliinua rimoti azime.

Pazia la mlangoni likasogea.

13.

Kolu alikuwa amesimama na unyoya wa kuku kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mdogo zaidi ya umri wake.

"Huyo," alisema.

"Nani?"

"Huyo anayekohoa. Huyo namjua."

Edi akageuka.

"Alikuwa ukutani," alisema Kolu. "Tulipokuwa tunalala na shangazi. Alikuwa anafanya hivyo usiku, halafu ananyamaza, halafu anafanya tena. Shangazi alikuwa ananiziba masikio." Akashika pazia. "Mimi nilifikiri ni mnyama."

Akaisogelea runinga hatua moja.

"Nilikuwa namwogopa, Mama. Nilikuwa namwomba Mungu amwondoe."

Leokadia alimnyooshea mikono. Kolu alikuwa amekwisha kuvuka chumba. Alipiga magoti mbele ya runinga, akaweka sikio kwenye spika, akangoja. Kilichotoka ni wageni tu.

"Rudisha nyuma."

"Usirudishe," alisema Edi.

"Rudisha pale alipokuwa anakohoa. Nimsikie tena. Nimwambie."

"Mama, usirudishe. Mimi nimesikia vya kutosha. Tafadhali."

Mmoja alimshika mkono huu, mwingine akaushika ule wenye rimoti. Kwenye kioo mji ulikuwa umeanza kuungua, nyumba baada ya nyumba, na watu walikuwa wanakimbia wakiitana kwa lugha ambayo hakuna mtu mle ndani aliyeijua. Jemadari alisimama katikati ya njia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mama."

"Mama!"

Leokadia alitazama vitufe. Kimoja cha kwenda mbele. Kimoja cha kurudi. Kimoja cha kuzima.

Kidole chake kikaning'inia juu ya vyote vitatu.