Dari ya Upande wa Pili

"Panya wangu? Nimewafuga mimi? Nionyeshe hata mmoja anayeitika nikimwita!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, kitana mkononi. Nyuma yangu mteja amesukwa nusu kichwa, nusu ya pili imesimama kama imepigwa na umeme. Mama Mapacha alikuwa upande wake wa baraza, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika shuka jeupe. Nyumba zetu ni mbili chini ya paa moja, na mchana ule hata paa lenyewe lilitubana.

"Sijasema umewafuga," alisema. "Nimesema harufu yao iko juu ya kitanda cha baba mkwe wangu tangu fundi wako apande darini. Na hii je, ni nini?"

Akanitandazia shuka usoni. Vinyuzi vya njano vilikuwa vimenasa kila mahali.

"Wiki ya pili hii! Mzee anakohoa, anajikuna mpaka damu, chumba kimekuwa tanuri."

"Jua linawaka kwa kila mtu, mama."

"Kwako haliwaki! Watu wamejazana humo, wanacheka, hakuna hata mmoja anayejipepea."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitia kiburi. Mimi ni msusi, na sebule yangu ndiyo saluni. Juu ya dari yangu palikuwa na pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto la mabati, lakini ilikuwa imechoka siku nyingi. Mvua iliivujia ikalala kama chapati ya matope, panya wakaigeuza wodi ya wazazi. Ikifika saa nane mchana wateja walikuwa wanayeyuka kwenye viti, na wawili walishahamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, mwenye feni mbili na mdomo usiofungika.

Nikamwita Fundi Kesho anibadilishie pamba, nikampa na pesa ya kununua mpya. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimpigia simu leo, anasema kesho, na kesho ikifika jibu ni lilelile. Safari hii alikuja siku hiyohiyo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilimsifia. Siku mbili yuko juu anafanya kazi, mimi niko chini nasuka na kupiga soga, na hakuna hata gunia moja la uchafu lililopita sebuleni.

"Huyu ndiye fundi," niliwaambia wateja. "Msafi kama daktari wa upasuaji."

Sasa Mama Mapacha alikuwa amesogea mpaka ninaona jasho juu ya mdomo wake.

"Daktari ametoka hapa asubuhi," alisema, na sauti ikashuka. "Amesema kifua kikiendelea hivi mpaka keshokutwa, anamlaza wodini. Na mzee ameapa kwamba akitolewa kwenye kitanda chake, harudi tena. Wewe unamjua."

Namjua. Babu aliendesha malori miaka thelathini. Kiharusi kilimlaza upande mmoja lakini ulimi hakikuugusa, na mapenzi yake kwangu yote huyatoa kwa matusi. Ningenyamaza pale, mambo yangeishia hapo. Lakini wateja watatu walikuwa dirishani wanasubiri nijibu nini, nami nikawajibia wao.

"Sema tu wivu unakuuma. Ulizoea kuwa na ubaridi peke yako."

Dirishani mtu akaguna. Mama Mapacha alilikunja shuka mara mbili, mara nne, taratibu, kama analitia kabatini.

"Wivu," alisema. "Haya. Panda juu ukatazame ninachokuonea wivu."

Akaingia, akafunga mlango. Kupitia ukutani nilimsikia Babu akikohoa, kikohozi kirefu kikavu, kama gari linalokataa kuwaka.

Nilipanda darini kwa hasira tupu. Nilitaka kushuka na ushahidi nimtupie, ajue adabu. Mteja wangu, Nusu Kichwa, maana ndivyo alivyoshinda siku ile, alinishikia ngazi. Nikasukuma kifuniko cha dari, nikawasha tochi ya simu.

Pamba ilikuwa nzuri, sikatai. Nene, imelala sawasawa, karatasi yake ya fedha ikimeta chini ya mabati. Nilishaanza kutabasamu. Kisha nikaona kuku.

Kuku mwenye miguu minne, amechorwa kwa kalamu nene nyeusi juu ya karatasi. Pembeni yake lori. Pembeni ya lori, viganja viwili vidogo vilivyozungushiwa wino. Nilivijua. Mwaka jana mume wa Mama Mapacha, kabla ya kurudi kazini mbali, alinunua pamba mpya kwa ajili ya chumba cha baba yake. Marobota yalikaa sebuleni kwao wiki nzima na mapacha wakayachora. Walichapwa, na aliyewaombea msamaha nilikuwa mimi.

Nikatambaa juu ya boriti mpaka kwenye ukuta unaotutenga. Ule ukuta unaishia usawa wa dari. Juu yake ni wazi, mtu anavuka kama anavuka mfereji. Nikamulika upande wa pili.

Pamba yangu ndiyo iliyokuwa pale. Nyeusi juu, njano ndani, imesinyaa, mavi ya panya yametapakaa kama mbegu, na katikati yake limechomoza gauni langu la maua, lile nililozibia tundu la panya mwaka juzi. Yote hayo yalikuwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Mbao za dari zilikuwa na nyufa, na kila upepo ulipoyatikisa mabati, vumbi lilikuwa linadondoka humo kidogokidogo.

Nilimpigia simu Fundi Kesho nikiwa palepale.

"Dada yangu! Kesho nilikuwa nakuja kuangalia..."

"Pamba ya jirani imefikaje kwangu?"

Nikasikia anakohoa kikohozi cha uongo.

"Dada, pamba ni pamba. Ile ilikuwa nzuri bado. Na duka lilikuwa limefungwa."

"Limefungwa siku mbili?"

"Na wewe pia, dada, ulinipa masharti. Ulisema ukiona gunia la uchafu linapita mbele ya wateja wako, nitakujua wewe ni nani. Ile chafu ningeitolea wapi? Nikaisogeza tu."

"Ukaisogeza juu ya mgonjwa!"

"Sikujua kama kuna mgonjwa."

"Ulikuwa umelala juu ya kikohozi chake siku mbili, shetani wewe!"

Yaliyofuata hayaandikiki. Nusu Kichwa aliniambia baadaye kwamba pale chini ya ngazi alijifunza maneno mawili mapya. Nikakata simu, na kilichonichoma zaidi ni kwamba habari ya magunia hakuitunga. Nilisema hivyo. Nilisema nikicheka, watu wakacheka.

Nilipofika chini, Nusu Kichwa alikuwa tayari yuko kwenye simu. "Mwambie dada yako asimpe hiyo kazi. Ndiyo, huyohuyo Kesho. Ngoja nikueleze..." Kabla sijanawa uso, mitaa mitatu ilikuwa na habari kamili na nyongeza.

Nikaenda kugonga. Mama Mapacha alifungua nusu ya mlango.

"Umekuja kuongeza?"

"Mtoe Babu chumbani."

"Nini?"

"Pamba yenu iko kwangu. Yangu iko juu ya kichwa chake. Mtoe kwanza, nikianza kuigusa vumbi litammaliza."

Alinitazama. Nilisubiri kofi, na ningelipokea.

"Na ulisema wivu," alisema.

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Na nitayafuta mbele ya watu. Kwanza mzee."

Tulimbeba wanne, sisi wawili na wateja wawili, na godoro lake, tukampitisha barazani mpaka saluni kwangu. Njia nzima anatoa amri: "Kulia! Kulia kwako, si kwangu! Nyie mngepewa lori mngeua mji!" Tukamweka chini. Akatazama dari. Akavuta pumzi, kwa mara ya kwanza ikaingia mpaka chini.

"Kumbe ubaridi ulikuwa huku," alisema. "Mimi nakufa upande wa pili wa ukuta."

Nikapiga magoti.

"Babu, naomba..."

"Usiniombe kitu. Panda juu."

Tukapanda, mimi na Mama Mapacha, pua zimefungwa vitambaa, mikono mirefu, soksi mikononi badala ya glavu. Tuliinyunyizia maji ile pamba mbovu ili vumbi lisiruke, tukaijaza maguniani. Njia ya kushukia ilikuwa moja tu, ngazi ya kwangu. Magunia kumi na moja yalipita katikati ya sebule yangu, yananuka, yanachuruzika, mbele ya wateja wote, na kila moja nililibeba mimi.

"Kanyaga boriti, usikanyage kati," nilimwambia Mama Mapacha.

"Nitakanyaga ninapotaka, dari ni yangu."

"Ukianguka?"

"Nitakuangukia wewe."

Chumba cha Babu kikafagiliwa, kikapigwa deki, nyufa za dari tukaziziba kwa gundi na karatasi. Tukamhamishia barazani kivulini, ndipo tukaanza kuivua pamba iliyokuwa kwangu na kuivusha ukutani, kipande kwa kipande. Mama Mapacha alipofika kwenye kuku wa miguu minne alisimama.

"Huyu alikuwa hapa, juu ya mto wake," alisema, akamlaza mahali pake, akamnyoosha kingo.

Kisha akamulika upande wangu. Mbao tupu.

"Kwako utaweka nini?"

"Sina cha kuweka."

"Wateja watakimbia."

"Watakimbia."

"Vizuri," alisema, na wala hakutania.

Jua lilipoanza kulegea tulimrudisha Babu kitandani. Nilisimama juu ya kiti, nikabandika kiganja kwenye dari yake. Haikuchoma. Bado alikuwa anakohoa, lakini kati ya kikohozi na kikohozi palikuwa na nafasi, na baada ya muda aliomba shuka la kujifunika. Mama Mapacha alilileta mbio, akamfunika, akageukia ukutani kidogo, akabaki hivyo.

Nikatoka barazani. Wateja walikuwa bado wapo, na wengine ambao si wateja, maana mtaa ule ukiguna tu watu wanakuja na viti.

"Nisikilizeni," nilisema. "Mchana nilisema jirani yangu ana wivu. Ni uongo. Uchafu wangu ulikuwa juu ya kichwa cha mgonjwa wake, akaja kuniambia, nikamtukana ili nyinyi mcheke."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Mapacha alikuwa mlangoni kwake, amesikia yote. Akaingia ndani.

Watu walitawanyika. Nusu Kichwa alijifunga kitambaa akaenda zake, akisema atarudi jua likiwa bado halijaamka. Sebuleni kwangu hapakaliki, mabati yalikuwa yanapumulia moja kwa moja utosini. Nikaketi kwenye ngazi za baraza na ndoo ya maji baridi, nasugua mikono iliyowaka vipele mpaka kwapani, na kila nilipomkumbuka Fundi Kesho nilisugua kwa nguvu zaidi.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Mama Mapacha alikuwa amebadilisha nguo, ana mwiko mkononi, uso haujalegea hata kidogo.

"Umekaa hapo unasubiri nini?"

"Nyumba ipoe."

"Haitapoa leo." Akanitazama mikono, akatazama pembeni. "Bado nina hasira na wewe. Nina maneno ya kukuambia, mengi, na nitayasema yote."

"Sema."

"Siwezi kugomba na njaa, na wewe hujatia kitu tumboni tangu asubuhi, utanizimikia katikati." Akausukuma mlango kwa kisigino ukafunguka wote. "Ingia ule. Nimeshapakua."