Chupa Nyuma ya Vanishi

Muhonja alikuwa akitafuta msumari wa kutundikia kalenda mpya ya 1997 alipoiona ile chupa. Ilikuwa nyuma ya makopo ya vanishi, kwenye rafu ya mumewe Javan, fundi wa viti hapo Kayole. Ndani ya dawa kilielea kinyama kidogo, saizi ya punje ya hindi. Kwenye karatasi iliyobandikwa paliandikwa jina la Muhonja mwenyewe, na tarehe: kumi na mbili Septemba.

Kinyama hicho Daktari Nyawira alikikata kwenye mlango wa kizazi chake, kwa ajili ya damu isiyokoma, akampa Javan akipeleke maabara mjini, kama walivyofanya jamaa za wagonjwa wote. Javan akarudi jioni anapiga mluzi.

"Wamesema ni kidonda tu, Mama Kageha. Kitapona."

Naye Muhonja, muumini wa mumewe kupita kiasi, akaendelea kujifunga vitambaa miezi minne huku akitoa shukrani kanisani.

Aliifunga chupa kwenye leso, akaipeleka maabara mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Daktari Nyawira alimketisha. "Ni saratani, mama, ila si ile tuliyoizoea. Imewahangaisha maabara, wakaipima mara mbili. Ni aina adimu, huanzia kwenye tezi za ndani kabisa. Hii hailetwi na mume." Akaitazama tarehe kwenye chupa tupu iliyorudishwa na maabara, akasita, kisha akamkabidhi. "Kama ingepimwa Septemba, tungeikata tukamaliza. Sasa imeenea."

Jioni Javan alikuta chupa tupu mezani. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Niliogopa. Wamama wa kanisa husema huo ugonjwa huletwa na bwana anayetangatanga. Nikajua ukipimwa tu, utajua habari za yule mwanamke wa mtaa wa Tena."

Kumbe! Hata huyo wa Tena Muhonja alikuwa hajamsikia. Alisalitiwa kitandani, akasalitiwa tena kwenye rafu ya vanishi, na hakujua ni lipi lilimchoma zaidi.

"Kwani daktari amesema imetoka wapi?" Javan akauliza.

Hakuuliza kama atapona.

"Haikutoka kwako."

Javan akashusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia. Muhonja akamtazama anavyopumua, akamsogezea chupa, tarehe ikimwelekea.

"Ugonjwa si wako, Baba Kageha. Hii miezi minne ndiyo yako."