Mtaa wa Ng'ambo ya Mto

Bi Zainab alimwahidi mumewe jambo moja, na ahadi yenyewe aliitoa mbele ya daktari na watoto: kabla hajafa, atampeleka akauone mtaa wake. Bwana Ameir alikuwa akiomba hilo tangu kumbukumbu zilipoanza kumtoka. Majina ya wanawe aliyasahau. Alisahau hata kwamba yeye na mkewe wanakaa Hounslow, London, na ndege zinapita juu ya paa kutwa nzima. Mtaa hakuusahau.

"Nipeleke mtaani," akisema. "Nimemwacha mtu ananingoja."

"Nitakupeleka, bwana wee. Kula kwanza."

Na mtu angemuuliza Zainab ni mtaa gani, angechekwa. Mzanzibari aliyekimbia baada ya mapinduzi, akaja kuzeekea kwenye baridi ya Wazungu, sasa yuko kitandani analilia mtaa wake: analilia wapi kama si Unguja? Watu wa uhamishoni ndivyo walivyo. Miaka yote hiyo wanalipa kodi London, wanazaa London, lakini ukiwatajia kwao hawana kwao kwengine ila kule walikofukuzwa.

Tena alama alizozitaja mzee zilikaa sawasawa. Mtaa uko ng'ambo ya maji. Naam, Ng'ambo, ndiko alikozaliwa. Kuna daraja la kuvukia kwenda mjini. Hilo ndilo lililoipa Darajani jina lake, Zainab hakuliwahi lakini alilisikia kwa wakubwa. Kuna kanisa lenye mnara mrefu. La Mkunazini hilo, nani asiyelijua?

Yale yasiyokaa sawa aliyatupia ugonjwa. Mzee akisema daraja limening'inia kwa minyororo na ukilipita linacheza. Akisema kanisa liliungua, halina paa, zimebaki nguzo na mnara. Akisema kuna jumba lina masanamu ya watu wamesimama juu, wanawatazama wapita njia.

"Masanamu juu ya paa, Unguja?" Zainab akimkatiza, maana hakuwa mtu wa kuachia kosa lipite. "Hebu tulia. Umechanganyikiwa."

Mzee akigeukia ukutani. Zainab naye akiendelea kukunja nguo.

Tiketi zikakatwa. Suad, binti yao, ambaye ni nesi, akaandaa dawa za safari na kiti cha magurudumu. Shaame, mkubwa wake, akaomba likizo kazini. Zainab akawapigia simu ndugu wa Unguja watayarishe chumba cha chini, mgonjwa hapandi ngazi.

Hapo ndipo alipokuja Sadrudin.

Sadrudin ni Mhindi wa Unguja, alikuwa na duka la vitambaa Neasden mpaka magoti yalipomshinda. Yeye na Ameir waliwahi kufanya kazi basi moja, mmoja dereva, mmoja kondakta, kabla Zainab hajaolewa. Zainab alijua kwamba mumewe alianzia Scotland, kwenye basi hilo, lakini kila mtu alipita mahali kabla ya kufika London, na nani alikuwa na hamu ya kuhadithiana baridi? Jumapili mchana Sadrudin akaja kumkagua mgonjwa, mfuko wa machungwa mkononi. Ameir alipomwona alifunguka uso.

"Sadru, yale masanamu bado yapo?"

"Walibomoa ukuta wote wa mbele wa lile jumba la tamthilia, Ameir. Masanamu wakayateremsha."

"Na kanisa?"

"Kanisa lipo. Vile vile, halina paa."

Zainab alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliitua juu ya meza taratibu. "Kanisa gani hilo, Bwana Sadru?"

"La Gorbals, shemeji. Glasgow. Anazungumza mtaa wetu." Sadrudin akamtazama, akaona. "Hajakwambia?"

Basi akakaa chini, akamweleza. Gorbals iko kusini ya mto Clyde, mji mkubwa uko upande wa pili, na watu wa mjini walikuwa wakiwadharau wa ng'ambo, kama kule kwetu. Nyumba za mawe zenye ghorofa nne, nyeusi kwa moshi, ngazi moja familia chungu nzima, choo kimoja mnachangia. Waliokaa humo wote walikuja kwa kukimbia kitu: Waayalandi njaa, Mayahudi mateso, watu wa milima ya huko huko Scotland wamenyang'anywa ardhi, halafu Wapunjabi, halafu wao. Msikiti wa mwanzo ulikuwa nyumba tu ya kawaida. Jioni wanawake wanaegemea madirishani, mito chini ya viwiko, wanasengenyana kutoka nyumba hii mpaka ile.

"Time naye akitoka dirishani na kanga yake. Kiingereza hana, lakini kusengenya akiwashinda."

Zainab alijua kwamba mumewe aliwahi kuoa, mke jina lake Time, na mke akafa. Alimwambia hivyo siku ya posa, akasema Mungu amrehemu, basi. Wapi alifia, Zainab hakuuliza. Alidhani Unguja.

"Time yuko huko?" akauliza.

"Tulimzika huko. Kifua kilimuua, chumba kilikuwa kina unyevu. Siku hiyo hiyo Ameir akanunua na kaburi lake mwenyewe, ubavuni mwake. Nilikuwa naye. Mwaka uliofuata nyumba zikavunjwa, sote tukatawanyika. Wakajenga maghorofa marefu, nayo wakayavunja. Sasa hapo kando ya mto kuna msikiti mkubwa, una kuba. Laiti Time angeuona."

Sadrudin alipoondoka, Zainab aliingia jikoni akafungua bomba ili asisikike. Aliona wivu, na asifichiwe mtu. Wivu mkali, wa kumtoa roho. Kumbe miaka yote hii alikuwa na mke mwenza ndani ya nyumba! Bora angekuwa hai, wangetukanana yakaisha. Utamtukana vipi maiti, aliyekufa kijana, dirishani na kanga yake?

"Time!" Ameir akaita chumbani. "Time, uko wapi?"

Zainab akafunga bomba. Alijifuta uso, akasimama kidogo pale penye friji. Angeweza kunyamaza.

"Labeka," akaitika.

Akenda akaketi kando ya kitanda. Mzee akamshika mkono, akamwambia atakuja, asichoke kungoja, kuna watu wamemzuia. Zainab akamwambia hajachoka.

Kesho yake akawaambia watoto wavunje safari ya Unguja, wakate tiketi za treni ya Glasgow. Hawakuipanda. Jumatano asubuhi, uji ukiwa bado wa moto, Bwana Ameir alikata roho.

Wanaume wakakusanyika sebuleni. Shaame alikuwa ameshasema na watu wa msikiti, kaburi liko karibu, kesho adhuhuri wanazika. Zainab akatoka chumbani, keshajitanda nguo nyeupe za eda.

"Mpelekeni Glasgow. Ana kaburi lake."

"Mama, maiti hacheleweshwi," Shaame akasema kwa upole. "Na wewe je? Si ulisema mtalala pamoja, hapa karibu, tuwe tunakuja kila Idi?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Baba yako alikuwa na wake wawili," Zainab akasema. "Mwanamme mwenye wake wawili hugawa zamu. Mwenzangu alipata miaka michache tu, mie nimekaa naye umri mzima. Yangu imekwisha. Sasa ni zamu ya Time."

Sadrudin, aliyekuwa pembeni ya kochi, aliinamisha kichwa.

Wakamwosha, wakamkafini, na alfajiri ya Alhamisi gari likaondoka. Zainab hakwenda. Yumo edani, na mke wa eda hatoki. Alibaki na Suad, wakasoma Yasini mpaka sauti zikawakauka.

Alasiri Shaame akapiga simu. Walimsalia kwenye msikiti ule wa kando ya mto, wamemzika ubavuni mwa Time, mvua haikunyesha. Suad aliishikilia simu sikioni mwa mama yake.

"Na kanisa tumelipita, Mama. Kweli halina paa. Zimebaki nguzo na mnara, vile vile alivyokuwa anasema."

"Nilimwambia amechanganyikiwa," Zainab akasema.

Akairudisha simu kwa Suad. Akajilaza upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe, akageukia ukutani, akalia.