Sukari Inapita

Sukari ilitoka kwenye kopo saa nne asubuhi, wakati fundi cherehani akisubiri pasi ipate moto. Ilishuka mezani punje kwa punje, ikajipanga mstari mmoja, ikazunguka mkasi, ikapanda mkono wa gauni lake na kuingia kwenye uvimbe uliokuwa kwapani. Fundi aliitazama mpaka punje ya mwisho. Kisha akafunika kopo tupu, akapiga pasi suruali ya mteja, maana alikuwa ameahidi itakuwa tayari adhuhuri.

"Kumbe ni wewe," aliuambia uvimbe.

Kwa muda mrefu sukari ya nyumba ile ilikuwa ikiisha upesi, na lawama zote zilimwangukia mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mkwe alikuwa na mimba. Tumbo lilikua, kopo likapungua, na mwana akajumlisha.

"Unakula kama mchwa," alimwambia mkewe mezani.

"Mume wangu, siku hizi hata chai nakunywa bila sukari, inanichefua. Muulize mama."

Mama aliulizwa. Aliinamia cherehani, akatunga uzi, akasema yeye hayumo katika mambo ya watu wawili. Mkwe alikunja nguo zake, akaosha vikombe vya wote, akarudi kwao.

Hospitali, daktari alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa fundi. Alisikiliza habari za sukari akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa juu ya kikohozi.

"Seli zote zinatumia sukari, mama," alisema. "Zilizo nzima ni kama jiko linalopata hewa: mkaa kidogo, moto mwingi. Hizi zako zinabugia tu. Sukari nyingi zinaiacha haijaungua sawasawa, ndiyo maana gauni lako linanuka uchachu. Inayobaki zinaifanya matofali ya kujiongeza."

"Na mtoto aliye tumboni?"

"Naye hukua kwa sukari hiyohiyo. Ila mwili ukimwambia basi, yeye husikia."

"Nikiacha sukari kabisa?"

"Utachukua kwenye nyama yako. Wewe kula, mama. Wa kuondoka ni huo uvimbe, na tutaukata kitanda kikipatikana."

Nyumbani alivua gauni ili alifue, akaona kwapa limefumuliwa na kuongezwa kipande, mshono usije ukakwaruza uvimbe. Ilikuwa mishono midogo ya kubana, aina aliyomfundisha mtu mmoja tu. Alikaa kitandani na gauni lile mapajani mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Jioni alimwambia mwanawe, "Nenda kamlete mkeo. Umwombe radhi, nami uniombee."

Mwana alikuwa akila. Sukari aliyonunua njiani ilikuwa imeshaanza kuvuka meza. Aliinua kiwiko, ikapita.

"Nikaseme nini kule, mama? Wakwe watanicheka."

"Sema sukari ilikuwa inakuja kwangu."

"Hilo wataelewa. Kusema nimekosa ndiko kugumu."

Fundi angekwenda mwenyewe, lakini nyama ya mapaja ilikuwa imeshatumika, na miguu haikumfikisha mbali zaidi ya kizingiti. Kitanda cha hospitali kilikuwa bado.

Mtoto alizaliwa kwao mkwe, msichana. Habari ililetwa na shangazi wa mkwe, aliyekuja na mfuko. Ndani mlikuwa na gauni jipya lenye kwapa pana, na pakiti ya sukari.

"Ni yako, mama fundi. Kasema usijinyime."

"Mjukuu wangu kafanana na nani?"

"Na wewe, pua na yote. Ila yeye ananyonya, akishiba anaachia."

Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho kwa upindo wa gauni jipya.

"Mwambie nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema. Mwambie neno hilohilo, usilipambe."

"Nitamwambia."

Shangazi alisimama, akajifunga mtandio, akangoja kidogo karibu na mlango, akimtazama mwana kama anayesubiri kuagizwa neno. Mwana alifungua pakiti. Akamimina sukari yote kwenye kopo, taratibu, isimwagike. Kisha akasogeza kikombe chake pembeni, ili ikianza safari ipate njia.