Kiti cha Mkaguzi

Mama Zipu aliitaka kazi ya ukaguzi kwa sababu moja tu: mgongo. Miaka kumi na mmoja ameinamia cherehani kwenye kile kiwanda kidogo cha mabegi ya shule, na daktari alishamwambia kinagaubaga kwamba akiendelea hivyo atatembelea mikongojo. Mkaguzi hukaa dirishani, kwenye kiti chenye egemeo, anapekua mabegi. Basi bosi alipotangaza kwamba atakayerudishiwa mabegi machache kuliko wenzake ndani ya miezi mitatu ndiye atakayepewa kiti hicho, Mama Zipu alifurahi mpaka akasahau kula. Nani wa kushindana naye?

Ila, jamani, wema nao una balaa zake! Safu yao ya cherehani nane ilikuwa na desturi: ukizidiwa, jirani anakumalizia begi, na anayemaliza ndiye anayetia karatasi ya namba yake kwenye mfuko wa begi. Bosi hakuijua desturi hiyo, wala hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Na jirani wa Mama Zipu alikuwa nani? Wifi yake, dada wa mumewe tumbo moja, na ndiye aliyemtafutia kazi hapo.

"Wifi, nimalizie hili, kichwa kinanigonga." Kesho yake, "Wifi, leo niko hoi." Mama Zipu akamalizia. Mikanda aliyokwisha kuishona wifi hakuikagua, utamkaguaje wifi yako? Alitia zipu, akatia namba yake, akashika begi jingine.

Siku ya matokeo bosi akamwaga mezani mabegi kumi na tisa yaliyorudishwa na wateja. Yote yamechomoka mikanda. Yote namba saba, namba ya Mama Zipu.

"Umenishangaza, mama," bosi akasema. "Nilikutegemea wewe."

Mama Zipu akachukua moja, akaufunua mshono. Mshono wa wifi yake aliujua hata akiwa amefumba macho. Hapo ndipo akili ilipomjia: kila begi ambalo wifi alilitilia shaka, ndilo alilomsukumia yeye.

"Wifi, sema basi. Waambie nani kashona mikanda hii."

Wifi akajitia hamnazo. "Mimi nitajuaje? Namba si yako?"

Loo! Wenzao wakainamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya kulinda. Wifi, ambaye hakurudishiwa hata moja wakati wengine walirudishiwa mawili matatu, akapigiwa makofi, akapewa kiti. Angekuwa mtu baki, Mama Zipu angemtukana akapumua, lakini huyu watakutana misibani na harusini mpaka kufa.

Wiki iliyofuata hakuna aliyemmalizia mwenzake. Ukizidiwa, shauri yako. Mzigo ukachelewa, bosi akafoka: zawadi ametoa, mbona bidii haioni? Wifi akatoka dirishani, akaja kumnong'oneza Mama Zipu.

"Wifi yangu, waambie wasaidiane kama zamani. Mzigo ukichelewa, bosi ananiona mimi mkaguzi ndiye nisiyefaa. Najua nimekukosea, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kwani ningekuomba kile kiti, ungenipa?"

Mama Zipu akasimamisha cherehani. Mgongo ulikuwa unamwaka moto.

"Ningekupa," akasema, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakadondokea begi. "Ningeumwa, lakini ningekupa."