Kovu Linalotafuta Pa Kwenda

Asubuhi moja mwanamke asiye na miadi aliingia kwenye kliniki ya ngozi, nesi wa leza akiwa bado anafuta mashine. Alivua mtandio. Kovu la maji ya moto lilimshuka kutoka shavuni hadi shingoni. Mume wake, shati limepigwa pasi vizuri, alikaa kwenye benchi la korido akatoa simu.

"Jumamosi tuna wageni," mume alisema. "Na watu wana maswali mengi."

Ndani, nesi alimweleza mama yule utaratibu kama alivyowaeleza wote. Mwanga ukishapita, kovu huondoka na kumhamia mtu aliye karibu zaidi anayempenda mgonjwa. Ndiyo maana wateja walikuja na bibi zao. Mtaani palijaa mabibi wenye mashimo ya chunusi za wajukuu. Siku za harusi waliyapaka poda, wala hawakunung'unika.

"Wewe umekuja na mumeo, kwa hiyo litamwendea yeye."

Mama alicheka kidogo. "Dada yangu, huyo angekuwa wa kuendewa, kovu lenyewe lisingekuwepo."

"Una nani mwingine?"

"Mwanangu. Yuko darasa la pili, shule hiyo hapo dirishani." Akamshika nesi mkono. "Niahidi halimfiki. Na nikirudi nalo nyumbani, huyo aliye nje hatanielewa."

"Halitamfika," nesi alisema, na papo hapo akajua amejiingiza mwenyewe: aliye karibu kuliko mtoto alikuwa yeye tu. Uso wake ndio uliobandikwa mlangoni kuwa tangazo la kliniki.

Kupenda hakulazimishwi. Kwa hiyo alimpaka dawa ya ganzi, na wakati inashika akamwacha aongee. Mama alisimulia jinsi mwanawe anavyomziba mdomo yeye mama akiimba, maana sauti hana kabisa. Alisimulia mtoto alivyoshinda mbio shuleni, akaunganisha moja kwa moja hadi nyumbani na kikombe, walimu wakimfukuzia nyuma. Akasema pia kwamba siku hizi yeye mwenyewe hukohoa kabla ya kuingia sebuleni kwake, asije akamshtua mtu. Hilo alilisema kama anayetaja hali ya hewa. Nesi akawasha mashine.

Kovu liliinuka, jembamba kama utando wa maziwa. Lilitoka hadi koridoni, likapita mbele ya benchi. Mume aliinua miguu kulipisha bila kutoa macho kwenye simu. Likarudi ndani, likaelekea dirishani. Hapo likasita. Kisha likageuka na kumlalia nesi shavuni, bado la moto.

Mume alimkagua mkewe kwenye mwanga wa mlango. "Safi kabisa," alisema. Halafu akamtazama nesi. "Na wewe, sista, ungelitoa hilo. Halipendezi."

Mchana huohuo tangazo lilibanduliwa, na nesi akahamishiwa chumba cha kufulia mashuka.

Mvua zilipokwisha, mama yule alirudi, safari hii na kovu jipya juu ya jicho. Mume alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Mama hakutaka nesi mpya. Aliuliza yule wa zamani yuko wapi, akamfuata chumba cha kufulia.

"Mtoto hajambo?" nesi alimuuliza, mikono ikiwa na povu.

"Hajambo. Hana alama hata moja."

Nesi alikausha mikono, akamfuata hadi chumba cha leza, akavuta kiti na kukaa katikati ya mama yule na dirisha.