Mgonjwa wa Nne

Bibi Afya alifika dukani saa tatu asubuhi akiwa na mkoba wa ukaguzi, chupa za sampuli na shati la mikono mirefu. Joto la siku hiyo halikuwa la mikono mirefu, lakini nani angethubutu kumuuliza? Jina hilo alipewa na wenye migahawa, ambao wakimwona akikata kona tu huanza kufunika sufuria. Wengine walimwita Mama Kufuli. Aliitikia yote mawili bila kinyongo. Tangu mama yake azikwe, miezi minne sasa, hakuna kilichomfurahisha wala kumuudhi. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, na usiku alilala kama gogo.

Mwenye duka alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Kazi yake ni kuchora tatuu na kutoboa masikio na pua, na wateja walimbatiza Mkono Mwepesi kwa kuwa, walisema, sindano yake huijui mpaka imeshamaliza. Duka lilikuwa safi kiasi cha kuziaibisha zahanati. Kiti kilivishwa plastiki mpya kwa kila mteja, sindano zilifunguliwa mbele ya mwenye ngozi yake, zikitoka hapo zilikwenda moja kwa moja kwenye boksi la njano. Ukutani, ndani ya fremu, palining'inia fomu ya ukaguzi wa mwisho. Wenzake huweka picha za mastaa. Yeye aliweka mwandiko wa dada yake.

"Karibu, dada. Umekuja kunywa chai au kunifungia?"

"Nimekuja kikazi."

"Basi chai utakunywa kikazi."

Hakucheka. Alitoa karatasi mkobani akamsomea, kwa sauti ileile anayotumia kuwasomea wenye mabucha. Wateja watatu wa duka hilo walikuwa wanatibiwa hospitali: fundi cherehani mmoja, dereva wa lori, na binti wa saluni. Vipele vyekundu vimeota juu ya michoro yao, vigumu, vingine vinatoa usaha. Fundi cherehani amevimba mkono mpaka hawezi kushika mkasi, na dawa atameza kwa miezi.

Mkono Mwepesi aliketi kwenye kiti cha wateja. "Sindano zangu ni mpya, dada. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Si sindano. Vipele viko kwenye kijivu tu. Palipo peusi, ngozi ni nzima."

Hapo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Wino wa kijivu hauuzwi. Mchoraji huupata kwa kuuzimua mweusi kwa maji, tone kwa tone, ndipo anapata kivuli cha shavu au mkunjo wa ua. Wote wawili wakageuza macho kwenye rafu. Ilisimama pale, katikati ya chupa za wino, chupa ya chai ya mama yao: ya maua mekundu, mfuniko umepasuka ukafungwa utepe. Chupa hiyo iliwalea. Uji wa shule ulitoka humo, na chai ya hospitali wiki ya mwisho ilitoka humo pia. Kila asubuhi Mkono Mwepesi alichemsha maji, akayamimina ndani, na siku nzima akazimulia wino wake.

"Nachemsha kila siku," alisema polepole. "Sijawahi kuruka hata siku moja."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini maji yakishapoa na kukaa, chombo kinayarudishia. Maabara wamevitaja kwa jina, ni vya majini. Naona vimejificha kwenye huo mfuniko."

"Sasa mbona..." Aliinuka, akaenda kwenye fremu. Hakumalizia. Hakukuwa na haja, fomu ilisema yenyewe, mstari wa kumi na moja: Maji ya kuzimulia wino yachemshwe. Na chini yake sahihi ya Bibi Afya.

Kanuni haisemi hivyo. Kanuni inasema maji ya sindano, yale ya vichupa vya hospitali, kichupa kimoja mteja mmoja, kinachobaki kinamwagwa. Bibi Afya aliijua kanuni hiyo kama anavyolijua jina lake. Aliwahi kuwafundisha wengine. Lakini siku ya ukaguzi ule ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini baada ya msiba. Aliiona chupa ya mama rafuni, akaitazama muda mrefu, na kalamu yake ikaandika maneno ambayo yangeiacha pale ilipo. Hakusahau. Alijua anachoandika, ila hakikumgusa, kama vile anayeandika ni mtu mwingine chumba cha pili. Mama yao alikuwa na msemo wake akiona mtu anamdekeza mtoto: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Binti yake alikuwa ameuokoa mfuniko uliopasuka, na fundi cherehani hashiki mkasi.

Mkono Mwepesi aliishusha fremu, akaitoa ile fomu, akaikunja mara mbili.

"Chukua," alisema. "Nakala ya ofisini utajua mwenyewe pa kuipeleka. Sema uliniambia maji ya sindano, mimi nikabana matumizi. Duka ni langu, nitafungiwa nitafungua. Wewe kazi ikienda haitarudi, na watoto wako bado wanasoma."

Hilo ndilo lililomsumbua Bibi Afya tangu majibu ya maabara yalipofika juzi, kama kusumbuka ni neno lenyewe. Juzi hiyohiyo mkuu wa kitengo aliwakusanya, akaonya kuhusu wakaguzi wanaosaini wakiwa wamefumba macho. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimaliza, na wenzake wakatikisa vichwa. Yeye aliivuta mikono yake mirefu mpaka vifundoni. Akiipokea ile karatasi iliyokunjwa, wagonjwa wanabaki watatu na kosa linabaki la ndugu yake. Aliipima njia hiyo kwa siku mbili kama anavyopima joto la friji za watu. Ilikuwa njia inayopitika.

Akaipokea. Akaikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akaiingiza kwenye jalada nyuma ya majibu ya maabara. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa kushoto na kuukunja mpaka kwenye kiwiko.

Alama ya dole gumba la mama yao ilikuwa pale, ndani ya mkono, ukubwa wake halisi. Mama hakujua kuandika. Fomu zote za shule alizitilia dole, na Mkono Mwepesi aliinakili kutoka kwenye mojawapo, mstari kwa mstari, kwa kijivu kitupu. Alimchora siku mbili baada ya ukaguzi. Bibi Afya hakuitaka ile tatuu kwa ajili ya kumbukumbu. Alitaka kuona kama itauma, na haikuuma. Sasa mistari ilikuwa imemezwa na vipele saba vyekundu, kimoja kimepasuka.

"Tangu lini?" aliuliza mdogo wake.

"Hii ni wiki ya tano."

"Na ukanyamaza?"

"Nikavaa mikono mirefu."

"Mficha maradhi, dada..." Kauli hiyo nayo hakuimalizia.

Bibi Afya akatoa fomu mpya ya mgonjwa, akaisukuma upande wake. "Mkaguzi haruhusiwi kujihoji. Kesho mwenzangu atakuja kurudia yote na kufunga duka. Leo andika wewe. Mgonjwa wa nne."

Mkono Mwepesi alinawa mikono mpaka viwiko, akajifuta kwa karatasi, akavaa glavu. Dada yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Akaketi, akaanza kusoma maswali, akiandika jibu baada ya jibu kwa ule mwandiko wake mzuri unaopendwa na wateja.

"Jinsia naijua. Umri naujua. Uhusiano na mchoraji?"

"Dada."

"Wino ulizimuliwa kwa maji gani?"

"Yaliyochemshwa, yakahifadhiwa kwenye chupa ya chai."

"Nani aliyaidhinisha?"

"Mimi."

Kalamu ilisita. Akaandika.

"Maumivu. Hakuna, kiasi, makali?"

"Andika hakuna," alisema. Ndilo jibu alilowapa watu wote kwa miezi minne.

"Lazima niguse. Imeandikwa hapa, aguswe."

Akaushika mkono wa dada yake kwa chini, na kwa kidole kimoja akabonyeza pembeni ya dole la mama yao, taratibu kama jina lake linavyotaka. Bibi Afya akavuta pumzi. Ilianzia kwenye mkono, ikapanda begani, ikafika kooni, na machozi yakamtoka mbele ya chupa za sampuli ambazo bado zilikuwa tupu.

"Samahani," alisema Mkono Mwepesi, akaanza kuondoa kidole.

"Acha hapohapo," alisema. "Andika makali."